Pesti ya Fundi Mikono Miwili

Kompyuta ilizimika Baba akiwa katikati ya sentensi. Mama alikuwa mlangoni anavaa viatu vya kazini, na Baba alitaka kumkumbusha jambo. Tulisikia "usisahau", kisha kioo kikawa cheusi na feni ikavuta pumzi yake ya mwisho. Mama akabaki na kiatu kimoja mguuni, anasubiri. Baba akapunga mkono: nenda tu. Mama akaenda, na hadi leo hatujui alitakiwa asisahau nini, maana Baba mwenyewe alikuja kusahau.

Tangu madaktari walipomtoa uvimbe kooni na sauti ikaondoka nao, Baba husema kwa kompyuta. Anachapa kwa kidole kimoja, mashine inasoma. Sauti yenyewe ni ya mwanamume asiye na shida yoyote duniani, kama anayesoma hali ya hewa. Mama aliibatiza Mtangazaji. Tulicheka, tukaizoea, mwisho tukaipenda.

Lakini wiki zile ilikuwa imeanza kujizimia ovyo. Ubao pia upo, kipande cha plaiwudi na chaki. Lakini ubao hauwezi kumwita mtu aliye jikoni. Na Mama akirudi mchana, baada ya kufua mashuka ya hoteli tangu alfajiri, ubao unamtaka atafute miwani, ainuke, asogee, asome. Zamani alikuwa akifika anajitupa kwenye kiti chenye mto, ananyoosha miguu yake iliyovimba, na Baba anaanza kumsimulia kuta alizopaka rangi siku hiyo. Mama anasinzia kabla ukuta wa pili haujaanza. Baba alikuwa akilalamika kwamba anahutubia magogo, ila hanyamazi. Wiki zile Mama hakusinzia. Alikaa macho makavu, akimchunga Baba asije akawa na neno la kuandika.

Asubuhi ile, Mama alipokwisha kuondoka, nilipiga magoti chini ya meza na kuuchomoa waya. Nilipoinuka Baba alikuwa ameshaandika ubaoni.

"Iache. Nimechoka kukatizwa."

Akaulaza ubao kifudifudi juu ya mapaja yake, akatazama dirisha.

Hapo ndipo nilipoogopa. Mtu akiudhika bado yupo. Baba hakuonekana ameudhika hata kidogo. Alionekana kama mtu anayekunja vifaa vyake kwa sababu kazi imeisha. Nikaona kwamba mashine ile isiposhika, atanyamaza moja kwa moja, na sisi tutamzoea akiwa kimya, kama tulivyomzoea Mtangazaji.

Shahada yangu haina undugu na kompyuta hata wa mbali, ingawa tangu nihitimu Baba ananiita Profesa, na miezi yote hii ya kutafuta kazi hajaniita kwa kebehi. Nilichukua bisibisi nikafungua kasha. Kila nilichogusa kilikuwa cha moto. Nikang'oa feni pamoja na kile kipande cha alumini chenye mapezi kilicho chini yake, kile kinachokaa juu ya prosesa kuipoza. Katikati ya vyuma hivyo viwili, alumini na prosesa, palikuwa na kitu cha kijivu kilichokauka, kimepasuka, kinabanduka vipandevipande.

Nilimpelekea Baba kile kipande akione. Alikitazama bila hamu. Kisha akakwangua kwa ukucha, kipande kikamdondokea kiganjani, na nyusi zake zikapanda. Akaufunua ubao.

"Rangi mbovu," akaandika. "Aliyepaka alikuwa na haraka."

Nilitoka kwenda dukani mbio kabla nyusi hazijashuka.

Muuza vipuri alikuwa mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na uso wa mtu aliyejibu swali lilelile tangu duka lifunguliwe. Alisikiliza, akaitikia kwamba hiyo ni pesti ya kupitisha joto imekufa, akaniwekea aina tatu kwenye kioo. Ya kwanza nyeupe, kwenye kipakiti. Hiyo, alisema, itanirudisha kwake kabla sijamaliza kumsahau. Ya tatu ilikuwa ya metali, inang'aa kama zebaki. Ni ya wenye mashine za mashindano, na tone lake likiangukia pasipo pake linapitisha umeme na mashine inakwenda na maji. Akaisukuma ile ya kati, ya kijivu, iliyokuwa ndani ya bomba dogo kama la sindano.

"Kidogo tu, mwanangu," alisema. "Kama punje ya mchele. Halafu kaza skrubu."

Nilirudi na maneno hayo nikiyatunza kama yai. Baba aliyasikiliza yote, akatikisa kichwa kwa huruma. Mafundi wenzake walimpa jina la Mikono Miwili kwa sababu hajawahi kukabidhi ukuta uliopigwa rangi mkono mmoja, yaani tabaka moja tu. Neno "kidogo" kwake ni neno la matapeli wanaozimua rangi kwa maji. Alikuwa ameshasafisha meza na kutandaza gazeti. Alikuwa ameshatoa brashi yake nyembamba kuliko zote, ile ya pembe za madirisha. Alikuwa na msasa pia. Huo nilimsihi mpaka akauweka chini, tukasafisha vile vyuma kwa spiriti na kitambaa.

Najua ningeweza kubisha. Lakini tangu atoke hospitali hakuna aliyemwomba amri yoyote. Tunamwuliza kama anataka chai, kama anaumwa, kama tufunge dirisha. Sasa alikuwa amesimama juu yangu, ananielekeza kwa kugonga meza: kugonga mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Nilipaka mkono wa kwanza. Akanifanya nisubiri ushike. Nilipaka mkono wa pili, tukasubiri tena, yeye akiupepea kwa ubao. Nilipokirudisha kile kipande na kuanza kukaza skrubu, akanishika kifundo cha mkono na kugonga mara mbili. Rangi mbichi haikandamizwi. Tukaziacha skrubu zimelegea, kila moja imeshika kwa uzi wa juu tu.

Ilikuwa kazi nzuri kuitazama. Baba akakaa, akaiwasha kompyuta, akachapa polepole kwa furaha. Mtangazaji akasema, "Profesa, kazi ya leo ni," na akafa.

Baba alikwenda kitandani na viatu vyake, akageukia ukuta.

Nilibaki na bisibisi, nimechoka uchovu ambao hautokani na kazi. Nikafungua tena. Pesti ilikuwa imekaa kama siagi kwenye mkate, nene, juu imefanya utando, na pembeni unaweza kuona mwanga ukipita kati ya chuma na chuma. Havikuwa vimegusana kabisa. Nilifuta vyote kwa spiriti, nikainua kile cha alumini kwenye mwanga wa dirisha ili nione kama kimeharibika. Uso wake ulikuwa na mikwaruzo mingi, myembamba kama nywele. Nikaupitisha ukucha juu yake, ukucha ukakwama kidogo, na nikakumbuka likizo zangu za shule, nikimshikia Baba ndoo, yeye akiparuza ukuta aliotoka kuupaka skimu, ule uji mzito wa kulainishia ukuta kabla ya rangi, muda si mrefu, mimi nikishangaa mbona anatoa kazi yake mwenyewe.

Nikaenda kukaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba, ukipiga skimu, kwa nini unaikwangua tena?"

Hakugeuka. Nikauweka ubao karibu na mkono wake. Kisha akaandika bila kutazama, herufi zimelala upande.

"Skimu ni ya mashimo. Ukuta ubaki ukuta."

Chaki ilisimama hapo. Nilimwona akiyasoma maneno yake. Akageuka, akaitazama meza, akanitazama mimi, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilishtuka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko chote, kasoro sauti.

Safari hii kazi alifanya mwenyewe. Niliminya pesti ikatoka kama punje ya mchele, naye akachukua kadi ya simu iliyokwisha, akaishika kama mwiko, akaivuta pesti kutoka kona hadi kona na kuikwangua ileile, mpaka ukabaki utando ambao ungeweza kusoma maandishi ya prosesa chini yake. Tukakandamiza. Tukakaza skrubu kwa mshazari, kidogo hapa, kidogo kule, kama mtu anayefunga tairi, mpaka zikagoma.

Kisha hakutaka kuijaribu. Aliketi mbele yake, mikono magotini. Nilimwelewa. Mtu akishakatizwa mara nyingi huanza kuliogopa neno lenyewe. Nikaiwasha mimi, nikaiacha iwake, nikaenda kuosha vyombo.

Mama alirudi jua likiwa bado kali. Aliingia akiburuta miguu, akaona gazeti lenye madoa ya kijivu, brashi, spiriti, na sisi wawili tumechafuka kama wezi wa masizi.

"Haya, fundi," akasema, akijitupa kitini. "Mtangazaji yupo hewani au ndiyo msiba?"

Mkono wake ulikuwa tayari unapapasa miwani. Baba akachapa. Kidole kilikwenda polepole, na kila herufi niliisubiri kama hatua ya mtoto anayejifunza kutembea.

"Weka miwani chini," Mtangazaji akasema. "Leo nina habari za ukuta mdogo kuliko zote nilizowahi kupaka."

Mama akatoa mkono kwenye miwani. Baba akaendelea kuchapa. Akasimulia rangi mbovu ya yule fundi mwenye haraka, akasimulia punje ya mchele, akanisingizia mimi ule mkono wa pili, nami nikapokea lawama. Niliegemea meza, nimeweka kiganja juu ya kasha. Lilikuwa vuguvugu tu, na likabaki hivyo.

Alipofika kwenye skrubu, kichwa cha Mama kilikuwa kimeangukia begani na mdomo umeachama. Kiatu kimoja bado kilikuwa mguuni. Baba alimtazama kwa muda, kidole kikiwa hewani. Kisha akaishusha sauti ya Mtangazaji mpaka ikawa ya kunong'ona, akaendelea na hadithi yake.