Maji ya Rupbai

Wageni walikuwa bado langoni, wanapakwa rangi nyekundu kwenye vipaji vya uso na kuvishwa maua, Ramdhan mpishi alipotoka kwenye ukumbi mpya wa chakula viatu vikiwa vimelowa. Alikuwa amebeba sinia la mikate ya uwele iliyopakwa samli. Akaliweka chini, akamwita Dhapu.

"Shemeji, iache kwanza hiyo ngoma. Njoo na ndoo. Huko ndani kuna mto."

"Bomba limepasuka?"

"Ukuta ule haujawahi kuona bomba. Halafu maji yenyewe yana vidagaa."

Dhapu akachukua ndoo na tambara. Hakuwa amewahi kuingia ukumbi ule tangu ujengwe, maana wasanii hula nyuma ya jiko. Kijiji chetu hiki cha maonyesho, nje kidogo ya Jaipur kwenye barabara ya Ajmer, ni kijiji kwa jina tu. Vibanda vyake hukandikwa udongo mpya kila mwaka ili vionekane vya zamani. Wageni huja jioni, wamechoka kwa kupanda ngome ya Amber, na kesho yake wanakwenda Jodhpur kupanda nyingine. Hapa huzungushwa uwanjani juu ya ngamia, hulishwa kwenye sahani za majani, kisha huketishwa mbele ya jukwaa la wanasesere wa nyuzi.

Hapo ndipo ilipo kazi ya Dhapu. Mumewe, Chhagan, huvuta nyuzi na kuwasemea wanasesere kwa kipenga cha mwanzi alichokibana menoni, sauti nyembamba isiyoeleweka hata kidogo. Mke hupiga ngoma na kuwaeleza watu mwanasesere amesema nini. Ndivyo sisi Wabhat, ukoo wa wachezesha wanasesere, tulivyorithi: mume hulia kama kifaranga, mke ndiye humpa maneno. Dhapu alikuwa amempa Chhagan maneno maisha yake yote ya ndoa, na yeye mwenyewe alikuwa akiyaamini.

Aliingia ukumbini. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, yana harufu ya mto. Akayafuata yanakotoka mpaka ukutani, juu ya meza ya vyakula, kati ya ngao na upanga wa kutu. Hapo alikuwa ametundikwa mwanasesere Rupbai. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye pindo la sketi yake. Miguu hakuwa nayo, maana wanasesere wetu wa kike hawachongwi miguu. Shela yake ya njano ilikuwa imekatwa kwenye shela ya mama yake Dhapu, na bado ilikuwa na lile tobo lililounguzwa na taa ya chemli. Msumari ulikuwa umepita katikati ya shela na kuingia kifuani.

Dhapu akakaa kitako majini.

Sasa, mwanasesere wetu akizeeka hatupwi wala hauzwi. Hupelekwa mtoni, akaombewa, akalazwa juu ya maji. Akielea sana, miungu imefurahi na aliyemchonga amesamehewa. Akizama upesi, watu hurudi nyumbani kimya. Rupbai alichongwa na Mzee Jagmal, baba yake Dhapu, na mzee alipozidiwa na homa jambo aliloomba lilikuwa moja: Rupbai atangulie. "Nikisikia ameelea, na mimi naondoka," alisema. Chhagan ndiye aliyejitolea. Akaenda mto Banas na bunda kifuani, akarudi jioni suruali imelowa mpaka magotini. Akasimulia kwamba Rupbai alielea mpaka jua likachwa, na yangeyange mweupe akatua kichwani pake, akasafiri naye kama abiria. Mzee alicheka kwa huyo yangeyange mpaka akakohoa. Akafa kabla wiki haijaisha, uso mkunjufu. Na mara baada ya matanga Chhagan akapata kwa tajiri, mwenye kijiji hiki, kilemba cha rangi ya waridi na kazi ya kuwakaribisha wageni langoni. Dhapu alimwona mumewe ana bahati, akashukuru.

Kikulacho ki nguoni mwako. Watu husema tu, lakini siku ukikikuta hicho kinachokula, hujui nguo uivulie wapi.

Chhagan aliingia na kilemba chake, ameshika viatu mkononi.

"Mama Moti, wageni wanakuja. Inuka, utaonekana."

"Baba Moti, yangeyange alikuwa wa rangi gani?"

"Yangeyange gani tena?"

"Yule uliyemuua naye baba yangu."

Chhagan akautazama ukuta, kisha maji, kisha viatu vyake. "Baba yako alikufa kwa homa," alisema. "Alikufa anacheka. Ulitaka nimwambie tajiri amempenda mwanasesere wake, anataka kumweka ukumbini? Mzee angelia. Mimi nilimpa kicheko."

"Ulimpa uongo."

"Ulimtosha."

Dhapu akapanda juu ya meza, kati ya sufuria ya dengu na bakuli la achari, akashika msumari kwa mikono miwili. Chhagan akamkamata kifundo cha mkono. Wakati huo shemeji zake Dhapu, ndugu za Chhagan, na wake zao walikuwa wamesimama mlangoni na ngoma zao, wanaangalia. Dhapu akawageukia wamsaidie. Kila mmoja akapata kitu cha kutazama sakafuni.

"Kumbe nyote mlijua," alisema.

"Shuka, dada," akasema mke wa shemeji mkubwa, yule aliyelia kuliko wote siku ya matanga. "Tajiri akikasirika tutakwenda wapi na watoto? Kile si kipande cha mti tu?"

Dhapu akashuka. Tajiri Mahipal alipokuja aliyakuta maji yamefika kwenye mashavu ya miguu, na wageni wa kwanza wamekwisha kuvua viatu, wanacheka, wanawapiga picha samaki. Akasimama, akafikiri kidogo. Akaamuru viletwe viti virefu zaidi.

Jioni iliyofuata yangeyange aliingia kupitia dirishani. Alikuwa mweupe. Akazunguka ukumbi, akatua kichwani pa Rupbai, akakunja mguu mmoja. Ramdhan akamrushia kipande cha mkate.

"Huyu naye amelipiwa kiingilio?" aliuliza.

Chhagan alimtazama yule ndege, uso ukamchangamka kama mtu aliyeshinda kesi.

"Si niliwaambia?" alisema. "Si niliwaambia kuna yangeyange?"

Na hakuna aliyembishia. Tangu hapo ukumbi ule unaitwa Jioni ya Mto, na ndio wageni wanaouulizia kwanza wakishuka kwenye basi. Chhagan huwapokea na kilemba chake, akawasimulia desturi yetu: jinsi mwanasesere anavyopewa maji, jinsi huyu alivyoelea mpaka jua likachwa, jinsi mkwewe alivyokufa kwa furaha. Husimulia vizuri. Wapo wanaofuta machozi.

Dhapu bado anapiga ngoma. Chhagan akilia na kipenga chake jukwaani, yeye anapiga, lakini maneno hampi tena. Wageni huambiwa hiyo ndiyo mila. Kisha wote huhamia ukumbini kula, naye hukaa kizingitini, maji yakimfika magotini, akapiga mapigo ambayo kwetu hupigwa ukingoni mwa mto tu, ya kumuaga anayekwenda. Mwanzo shemeji zake walimkataza. Siku hizi wamezoea, hata watoto wao huyapiga kwa vijiko.

Mapigo yakianza, maji hupanda. Hupanda ukutani mpaka yakamfikia Rupbai. Sketi hufunguka, mikono huinuka pembeni, mwili wote ukawa mwepesi, naye hujivuta kuelekea mlangoni aliko Dhapu. Yangeyange hutandaza mbawa kidogo ili asianguke. Wageni hupiga makofi.

Kunapokucha maji hupungua. Dhapu hukaa uani akikaza kamba za ngoma, na kutoka ukumbini husikia mumewe akiburuta ngazi. Chhagan hupanda, akamsogeza ndege taratibu kwa kiganja, akaujaribu msumari kwa vidole. Ukiwa umelegea, huchukua nyundo.