Kijiko cha Pili

Ko, ko, ko. Kisu kwenye ubao, gizani. Mama Kidoti hakuwasha taa, maana taa ya jikoni ilimulika moja kwa moja kwenye kitanda cha mwanawe, na Kidoti akishaamka ndiyo basi, hakuna kazi inayofanyika tena. Alikata vitunguu kwa kupapasa, kucha zikiongoza kisu, machozi yakimtiririka bila mtu wa kuyaona.

Lakini Bibi, mama wa mumewe, alikuwa na masikio ya paka.

"Mkwe wangu, unalia?" aliuliza kutoka chumbani.

"Ni vitunguu, mama."

Bibi akajigeuza kitandani.

"Ndivyo na mimi nilivyokuwa nikisema."

Mama Kidoti akaendelea kukata. Siku hiyo ilikuwa ya mtihani. Darasa la mapishi la jioni lilikuwa na jiko moja, nalo bovu, kwa hiyo Mwalimu aliwatahini wanafunzi majumbani mwao, mmoja mmoja. Alitembea na kijiko chake mwenyewe, amekifunga kwenye leso safi na kukitia mfuko wa shati, kama daktari na kipimo chake. Hakusifu wala hakukemea. Akionja mara moja, akafuta kijiko na kuaga, umeanguka. Akichota mara ya pili, umefaulu. Kijiko cha pili kilikuwa nadra kiasi kwamba wanafunzi walikizungumzia kwa sauti ya chini.

Na hoteli ilikuwa imemwomba Mwalimu mpishi mmoja wa zamu ya asubuhi. Zamu ya asubuhi maana yake kurudi nyumbani mchana. Kwa sasa Mama Kidoti alishinda kwa dobi akipiga pasi, jioni yuko darasani, na akirudi anamkuta mtoto amelala. Alianza kuzijua nyayo za mwanawe kuliko macho yake.

Mtihani wenyewe ulikuwa supu ya vitunguu ya Kifaransa, na sharti lilikuwa moja: hakuna cha pakiti. Kitunguu hakiharakishwi, Mwalimu alikuwa amewaambia. Moto mdogo, siagi, mwiko usiotulia, mpaka kilainike, kigeuke dhahabu, kisha kahawia iliyokolea. Mama Kidoti alifanya hivyo hivyo. Mwanga ulipoanza kuingia dirishani, mlima wa vitunguu ulikuwa umesinyaa ukabaki tabaka dogo, zito, linalometa chini ya sufuria. Alionja ncha ya mwiko, akacheka peke yake kama aliyechanganyikiwa. Mchana angeongeza mchuzi wa mifupa aliouchemsha jana, mkate wa kukaushwa na jibini juu yake.

"Mama, sufuria hii usijisumbue nayo," alisema akivaa viatu. "Nitaimalizia mwenyewe."

"Haya, mwanangu," alisema Bibi, akimtazama kwa huruma ambayo Mama Kidoti hakuielewa.

Aliomba ruhusa kwa dobi, akarudi mchana mbio mbio, na mlangoni akagongana na Mwalimu, amewahi. Wakaingia pamoja. Bibi alikuwa amesimama kando ya jiko katika gauni lake la kuzuru wagonjwa. Sufuria ilikuwa inang'aa. Haikung'aa vile hata siku ilipotoka dukani. Ndani yake ilitokota supu ya manjano, manjano ya aina isiyoonekana kwenye kitu chochote kinachoota ardhini.

Bibi akamvuta mkwewe pembeni.

"Usiwe na wasiwasi. Nimekuokoa."

"Umeniokoa na nini, mama?"

"Si uliunguza, ukaona haya kusema? Nimevimwaga vyote. Nimeisugua sufuria mpaka kucha zimeisha. Nikatia unga wa supu wa pakiti, kidonge cha mchuzi, sukari kidogo, maji yakachemka, kwisha kazi. Sijui ulikuwa unahangaika na nini tangu alfajiri."

Mama Kidoti alishika ukingo wa meza. Maneno yaliyomjia yalikuwa mengi, na karibu yote hayasemwi kwa mama mkwe. Kisha akaviona vidole vya Bibi, vyekundu kwa kusugua.

"Asante, mama," alisema. Ajabu ni kwamba nusu yake aliimaanisha.

Mwalimu alikuwa ameshaketi. Alipakuliwa bakuli, akafungua leso, akachota, akaonja. Uso wake ulibaki kama ukuta.

"Umepika mwenyewe?"

"Imepikwa hapa hapa, Mwalimu."

"Sijauliza mahali."

"Nimepika mimi," Bibi akadakia. "Yake iliungua. Ilikuwa na rangi kama ya viatu vyako."

Mwalimu akavitazama viatu vyake. Vilikuwa vya kahawia, vimepigwa rangi asubuhi ile ile.

"Rangi hii hasa, mama?"

"Hiyo hiyo. Sikukusudia kukutukana."

"Na viko wapi hivyo vitunguu?"

"Kwenye taka, mwalimu wangu. Na gari la taka limeshapita."

Mwalimu akashusha pumzi. "Pole," alimwambia Mama Kidoti. "Siwezi kutahini kilichokwenda na gari."

Akaanza kufuta kijiko. Mama Kidoti alikitazama kikifutwa upande huu, kikifutwa upande ule, akaona zamu ya asubuhi inakunjwa pamoja na leso.

Hapo Kidoti akaingia kutoka uani, kipande cha mkate mkononi, midomo inameta. Mkate ulikuwa umepakwa kitu cha kahawia, kingi, hadi kinadondoka.

"Nini hicho?" aliuliza Mwalimu.

Bibi akaguna. "Si ndivyo hivyo vitunguu vilivyoungua. Alijichotea kwenye kikombe chake cha kuchezea kabla sijamwaga. Ati jamu. Nimemkataza, hasikii, mkaidi kama baba yake."

Mwalimu akaikunjua leso. Alichuchumaa mbele ya mtoto.

"Naomba kidogo."

Kidoti alisogeza mkate, kidogo kweli. Kijiko kikachota ncha. Mwalimu akaonja, akafumba macho. Jikoni hapakusikika kitu ila ile supu ya manjano, iliyoendelea kutokota bila kujali.

Kisha kijiko kikarudi, kikachota mara ya pili, zaidi ya mara ya kwanza. Mama Kidoti akakaa chini bila kutafuta kiti.

Kilipokuja mara ya tatu, Kidoti aliuficha mkate mgongoni.

"Huu mkate ni wangu," alisema.