Kioo Kilicholala Ubavu

Maandishi yalitokea yamelala ubavu. Meupe juu ya weusi, mstari baada ya mstari, yakikimbia kutoka kulia kwenda kushoto kama mvua inayosukumwa na upepo. Niliinamisha kichwa mpaka sikio likagusa bega, na bado sikuweza kuyasoma. Mwishowe niliisimamisha kompyuta yenyewe kwa ubavu wake, kama kitabu kwenye rafu, nikaishikilia kwa mkono mmoja huku wa pili ukipapasa vitufe vilivyokuwa sasa vimepandana kama ngazi.

Shingo iliniuma, lakini moyo ulinidunda kwa furaha. Kwa siku tatu kile kioo hakikuwa kimenionyesha chochote ila kiduara kinachozunguka bila kufika popote. Sasa kilikuwa kinasema. Kinasema kimelala, sawa, lakini hata mgonjwa akizinduka huanza kusema kabla ya kuinuka.

"Unafanya mazoezi ya viungo?" baba mkwe wangu aliuliza kutoka mlangoni.

"Hapana, baba. Nasoma."

Aliitupia ile kompyuta jicho moja, akakunja gazeti lake, akatoka zake uani. Ndivyo alivyokuwa tangu niilete nyumbani. Nikiifungua, yeye huondoka, kama mtu aliyekutana na hasimu wake msibani: hasemi neno, lakini hakai benchi moja naye.

Siku nne kabla ya hapo nilikuwa nimesimama ofisini kwa mhariri. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nimemchorea vitabu vya shule kwa penseli na wino: ua lililopasuliwa katikati, jicho na mboni yake, mvuke unaopanda na kurudi chini kama mvua. Watoto ambao sikuwajua walikuwa wamejifunza moyo unavyopiga kwa kuutazama moyo wangu mimi, yaani ule niliouchora. Siku hiyo mhariri hakuniangalia usoni.

"Karatasi hatupokei tena," alisema. "Michoro kumi na minane, sayansi ya darasa la nne, nataka iwe kwenye faili, ndani ya siku kumi na nne. Kama huwezi, niambie. Yuko mwenzako mwenye mashine kubwa, ananisubiri nikohoe tu."

"Usikohoe," nilimwambia. "Nitaleta."

Mdomo ulinitangulia. Nyumbani nilikuwa na penseli sita na simu.

Dada yangu, muuguzi asiye na subira na kitu chochote kisicho mgonjwa, ndiye aliyenipa ile kompyuta. "Chukua," alisema. "Kwangu ilikuwa imebaki hatua moja iwe ubao wa kukatia vitunguu." Ilikuwa ndogo, upana wa daftari, na kioo chake kingeweza kukunjwa nyuma kabisa kikalala bapa, ukakigusa kwa kidole au ukachora juu yake kwa kalamu iliyokuja nacho. Nilipoishika kalamu ile, vidole vyangu vilijua kazi yake. Tatizo lilikuwa ndani. Mfumo uliokuja na mashine ulikuwa umenenepa mpaka ukajaza nafasi yote, na kila ukiamka ulidai kuongezewa vitu ambavyo haukuwa na pa kuviweka. Kufunguka tu kulichukua muda wa kupika maharage. Fundi wa dukani aliicheka, akanishauri niitupe.

Mtandaoni nikakuta watu wanaozungumzia Linux: mfumo mwepesi, wa bure, wanaouweka kwenye mashine ambazo wengine wameshazifanyia matanga. Niliwaamini watu hao nisiowajua kuliko fundi niliyemwona kwa macho, labda kwa sababu wao hawakucheka. Nikaunakili kwenye flashi, nikafuta kila kilichokuwemo kwenye mashine, na kuanzia hapo sikuwa na pa kurudi.

Ndani ya nyumba tulikuwa wawili. Mume wangu alifanya kazi kituo cha mbali na alirudi kila mwisho wa mwezi. Mama mkwe alikuwa ametutoka miaka mitatu nyuma. Mimi na baba tulisalimiana asubuhi, tukaulizana kuhusu chumvi mchana, tukatakiana usiku mwema. Hatukuwa na ugomvi. Tulikuwa na adabu tu, na adabu nayo ikizidi hugeuka ukuta.

Nilijua alikuwa mpanga herufi. Miaka thelathini na mmoja alisimama kwenye matbaa, akiokota herufi za risasi moja moja kutoka kwenye sanduku la vijumba na kuzipanga mstari kwa mstari, zikiwa kinyumenyume na kichwa chini, ili zikipigwa kwenye karatasi zisomeke sawa. Kisha Jumatatu moja kompyuta mbili ziliingizwa mlangoni, na wanaume kumi na mmoja wakatoka kwa mlango huohuo. Nilimsikia akilisimulia jambo hilo mara moja tu, siku ya arusi yetu, kwa mgeni aliyemuuliza anafanya kazi gani. "Wanasema jembe halimtupi mkulima," alijibu. "Langu lilinitupa."

Siku ya tano niliweza kukiinua kioo. Amri moja fupi, na maandishi yote yakasimama wima kama wanafunzi mwalimu anapoingia. Nilipiga kelele. Nikafungua ukurasa mweupe wa kuchorea, nikashika kalamu, nikaigusa kona ya juu, kushoto.

Doa likatokea kona ya juu, kulia.

Nikavuta mstari kwenda kulia. Ukashuka chini. Nikavuta kwenda chini. Ukaenda kushoto. Nilijaribu kuchora duara, likatoka duara, na kwa dakika nzima nilidhani nimepona, mpaka nilipoliongezea jicho na jicho likaangukia nje ya uso. Picha ilikuwa imeinuka, lakini mguso ulikuwa bado umelala. Kioo kilikuwa na akili mbili, na hazikuwa zikisemezana.

Kwenye jukwaa moja la mtandaoni nikakuta dawa: namba tisa, safu tatu za namba tatu tatu, zinazoiambia mashine kidole kiko wapi hasa. Mtu mwenye huruma alikuwa ameziandika kwa kila aina ya ugonjwa: za kioo kilichopinduka, za kilichojigeuza kama kwenye kujitazama, za kilichogeukia huku na za kilichogeukia kule. Nilizinakili zote daftarini. Siku ya tano ikaisha, na ya sita. Nilikuwa na uhakika kwamba kioo changu kimejigeuza, kwa hiyo niliendelea kukipa dawa ya kujigeuza, nayo ikaendelea kukitia wazimu mpya. Siku ya saba, mchana, nililaza paji la uso juu ya meza, nikaanza kutunga kichwani maneno ya kumwambia mhariri akohoe.

"Hakijajigeuza hicho."

Nikainua kichwa. Baba mkwe alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, kikombe mkononi. Sikujua amekuwa pale kwa muda gani.

"Samahani, baba?"

"Nimekusikia siku mbili unakiambia kimejigeuza. Kitu kilichojigeuza nakijua, nimeishi nacho. Kitu kikijigeuza, hata duara lako ungelichora kwenda kulia, lenyewe lingekwenda kushoto. Lako linakwenda sawa?"

Nilichora duara polepole. Lilikwenda sawa.

"Haya." Aliweka kikombe chini. Alivuta kiti, na nilijua kwamba kukivuta kile kiti kulimgharimu kuliko maneno yote aliyokwisha kuyasema. "Nipe karatasi. Gusa kona moja moja, uniambie anaitikia nani."

Nikagusa. Juu kushoto aliitikia juu kulia. Juu kulia aliitikia chini kulia. Chini kulia, chini kushoto. Yeye alikuwa akichora mishale kwenye karatasi, na kabla sijafika kona ya nne alikwisha kuichora.

"Robo," alisema. "Kimegeuka robo mzunguko, kufuata mwendo wa saa. Hakuna uchawi hapo. Kijana mgeni kazini alikuwa akipachika mstari vibaya, ukaingia kwenye fremu umelala hivihivi. Hatukuwa tukilia. Tulikuwa tukiugeuza."

Nilipekua daftari mpaka kwenye dawa ya robo. Niliandika amri, namba zote tisa, nikabonyeza. Mshale wa kwenye kioo ukakimbilia kona ya chini kushoto ukajikunyata pale kama panya, na popote nilipogusa haukutoka.

"Basi, baba," nilisema. "Nimeshindwa."

Alikuwa bado ng'ambo ya meza, daftari likimtazama kichwa chini, kioo nacho nimekilaza bapa kati yetu, kichwa chini vilevile kwa upande wake. Macho yake yalitoka kwenye karatasi kwenda kwenye kioo, yakarudi, mara moja tu.

"Daftari lina kistari cha hasi kwenye safu ya pili. Kwenye kioo umekiweka safu ya kwanza."

"Umeona vipi kutoka huko?"

"Wewe unasema kutoka huko," alinijibu, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita niliona meno yake. "Kwangu mimi huku ndiko juu."

Nikakihamisha kistari. Sifuri, moja, sifuri. Hasi moja, sifuri, moja. Sifuri, sifuri, moja. Yeye alizitamka, mimi nikaziandika. Nikabonyeza. Nikashika kalamu.

Mstari ulitoka pale nilipogusa. Ukanifuata. Nilikwenda kulia ukaja kulia, nilipanda ukapanda, nikaukunja ukakunjika, na ulipolemewa na mkono wangu ulinenepa, nilipoulegeza ukawa mwembamba kama unywele. Nikachora jani. Nikachora mishipa ya jani. Sikuwa nacheka wala kulia, nilikuwa nachora tu, mdomo wazi, na baba mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu akisema kwa sauti ya chini, "Enhe. Enhe. Enhe."

Kisha nikafanya kosa la kuizima na kuiwasha, na kila kitu kikalala tena.

Safari hii hakuna aliyekata tamaa. "Kumbe inasahau," alisema, kama mtu anayezungumzia kibarua mzembe. "Basi iandikiwe, iwe inasoma kila ikiamka." Ndivyo hasa lile jukwaa lilivyoelekeza: faili moja dogo, mistari mitano, ambalo mashine hulisoma kila inapoamka. Alinisomea herufi kwa herufi, nafasi kwa nafasi. Alikuwa akisema "nafasi" kwa heshima ileile aliyozipa herufi. Nilipomaliza alinizuia mkono.

"Ngoja. Mpanga herufi habonyezi kabla ya kusoma." Akasoma mistari yote mitano kutoka mwisho kwenda mwanzo. "Sasa."

Ikazima. Ikawaka. Maandishi yakaja wima, kioo kikafunguka, nikagusa kona ya juu kushoto, na kona ya juu kushoto ikaitika.

Baba alipiga kofi moja tu, kubwa, lililomshtua kuku wa jirani. Halafu akatoka uani, nikamsikia akimweleza jirani huyo juu ya ukuta: "Tumeigeuza. Robo. Mafundi walishindwa, sisi tumeigeuza."

Zilibaki siku saba. Nilichora michoro kumi na minane kwa siku sita. Kila jioni aliikagua iliyokwisha, akitafuta makosa kwenye majina ya sehemu, na aliyapata mawili ambayo mhariri mwenyewe ndiye aliyeniandikia. Siku ya kumi na nne niliiweka ile kompyuta juu ya meza ya ofisi, kati ya mashine mbili kubwa zilizokuwa zikivuma kama mafeni. Mhariri alipitisha michoro kwa kidole, mmoja mmoja, na alipofika kwenye moyo alisimama.

"Umetumia mashine gani?"

"Hiyo iliyo mbele yako."

Aliigeuza, akaitazama mgongoni, akatafuta labda sehemu nyingine iliyofichwa. "Nani alikuwekea mfumo?"

"Mimi na baba mkwe wangu."

"Ni mhandisi?"

"Ni mpanga herufi," nilisema, nikasikia nilivyolitamka neno hilo, kifua mbele.

Alinipa kitabu cha darasa la tano palepale, na cha sita kabla mwaka haujaisha.

Siku hizi nachora kwenye kioo kikubwa, na ile ndogo ni ya baba. Ana miaka sabini na sita. Anaitumia kuandika barua za kuwasahihisha wenye magazeti, na wawili wameshamjibu. Juzi alinipigia simu saa nne asubuhi, nikiwa kazini. Niliipokea upesi, maana si mtu wa kupiga simu.

"Shikamoo baba. Kuna nini? Mashine imegoma?"

"Marahaba. Haijagoma. Limetoka toleo jipya la mfumo. Nimelifuta la zamani lote, nimeweka jipya. Nilitaka tu ujue."

"Peke yako? Na kugusa je, baba? Kunafuata kidole?"

Upande wa pili nilimsikia akicheka kidogo.

"Unaniuliza mimi?" alisema, akakata simu.