Uso wa Wahida

Ieleweke tangu mwanzo kwamba Jamaldine hakuwahi kumpiga mtu picha ya heshima. Alikuwa na kamera kuukuu na lenzi moja tu, ya bei ya chini kabisa, aina inayoitwa jicho la samaki. Lenzi hiyo haikuelewana na kamera hata kidogo. Kila kitu ulirekebisha kwa kuzungusha pete kwa mkono, na kamera yenyewe ilishikilia kwamba haijafungwa lenzi yoyote. Lakini ilikuwa na kipaji chake. Ukimsogelea mtu kiasi cha shibiri moja, pua yake inavimba kama fenesi, masikio yanakimbilia kisogoni, na nyumba zilizo nyuma yake zinapinda kana kwamba zinamsujudia.

"Jicho la samaki gani?" wavuvi wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, walimuuliza, alipokuja likizo kutoka internato, shule ya bweni, mjini Pemba.

"Chewa, wajomba," alijibu kwa unyenyekevu. "Yeye kila amwonaye ni chakula."

Likizo ile alipiga picha mia mbili na kumi na nne. Alipiga pua ya mwalimu wa chuo, pua ya muuza mandazi na pua ya mbuzi wa jirani. Aliyeteseka zaidi ni dada yake, Wahida, kwa kuwa alikuwa karibu na alikuwa mwepesi wa kucheka. Kisha Jamaldine akarudi shule, kamera ikiwa sandukuni.

Miezi miwili baadaye Palma ikashambuliwa na waasi. Nyumba yao iliungua pamoja na picha zote za ukutani, vyeti, na simu ya mama. Mama yao, Bi Cadija, alitolewa kwa mashua. Wahida alionekana mara ya mwisho akikimbilia porini na rafiki yake Zubeida.

"Yuko na Zubeida," Bi Cadija alisema siku ile, na mwaka wa pili, na wa tatu, waliporudi kujenga upya. "Zubeida ana akili. Hawezi kumwacha."

Ndipo akaja mana Tânia, yaani dada Tânia, mwenye kompyuta, aliyekuwa akizunguka kuandikisha watu waliopotezana. Picha zingebandikwa Mueda, Montepuez, Nampula, kila walikokimbilia watu. Alitaka kitu kimoja tu: uso.

Jamaldine alifungua kamera. Tânia alitazama picha ya kwanza, ya kumi, ya thelathini.

"Huyu ni nani?"

"Dada yangu."

"Na huyu?"

"Ni yeye pia, mana Tânia. Hapo nilisogea zaidi."

Hakuna aliyecheka. Tânia alijaribu kuinyoosha picha moja kwa kompyuta. Pua ikapungua, lakini mashavu yakatawanyika huku na huku, akatokea mwanamke mgeni ambaye hata mama mzazi hakumjua.

Picha moja tu ilipigwa kwa mbali. Wahida alikuwa katikati, ambapo lenzi haipindi sana, amenyooka na anaonekana vizuri. Ila siku hiyo alikuwa amejipaka msiro, ule mti wanaousaga wanawake wa pwani, na uso wote ulikuwa mweupe hadi kwenye nywele.

"Hapa ndipo alipopendeza," Bi Cadija alisema. "Peleka hii."

"Mama, huko kambini kila mwanamke amejipaka hivi," Tânia alisema taratibu. "Watanipigia simu mia mbili."

Jamaldine alitafuta uso wa dada yake kichwani mwake ili aueleze, akaona fenesi. Akatafuta tena. Kwa miaka mitatu alikuwa akizitazama picha zile kila usiku kitandani, na picha zilikuwa zimekaa mahali pa mtu.

"Anafanana na nani?" Tânia aliuliza.

Bi Cadija aligeuza kichwa polepole akamtazama mwanawe. "Na huyu. Tangu wadogo. Watu wakiwachanganya."

Basi ikafanyika hivi. Mama alifungua mtandio wake mwenyewe, akamfunga Jamaldine kichwani kama Wahida alivyokuwa akifunga, akamwinua kidevu. Majirani waliokuwa mlangoni walianza kucheka, wakidhani kijana ameanza tena. Jamaldine naye, mtu wa mizaha tangu kuzaliwa, alisimama ukutani kama askari wa gwaride. Tânia alimpiga picha kwa simu yake. Bi Cadija aliangalia kioo cha simu, akakishika kwa mikono miwili, akawa hataki kukirudisha.

Chini ya picha waliandika jina la Wahida na namba ya Jamaldine.

Wiki tano baadaye, asubuhi, simu iliita. Bi Cadija alikuwa juu ya mbuzi, akikuna nazi.

"Jamaldine?" Sauti ilikuwa ya kike, imejaa kicheko. "We mwanaharamu! Mimi Zubeida. Niko Montepuez. Nani kakufunga mtandio? Nimeona karatasi, nikasema, huyu si Wahida, huyu ni mdogo wake na pua yake!"

"Zubeida," alitamka Jamaldine, na mama akaacha kukuna.

"Lakini kwa nini mmeandika jina lake?" Kicheko kilikuwa kinapungua. "Mnamtafuta wa nini? Si yuko kwenu?"

"Si yuko na wewe?"

Jamaldine alisikia mtoto akilia upande wa pili, na mtu akimbembeleza.

"Mimi aliniacha siku ile ile," Zubeida alisema. "Tulikuwa hatujafika hata mbali. Alisema anarudi kumchukua mama."

Bi Cadija alikwishasimama. Alijifuta machicha ya nazi kwenye kanga, akanyoosha mkono kuiomba simu, uso wake umefunguka namna ambayo Jamaldine hakuwa ameiona kwa miaka mitatu.

"Yuko naye, si ndiyo? Nilisema mimi. Nipe niongee na mwanangu."

Jamaldine alikuwa amewadanganya walimu, maimamu na wakuu wa mabweni bila kupepesa jicho. Alitafuta uongo mmoja, hata mdogo, wa kumpa mama yake. Hakuupata. Mkono wa mama ulikuwa bado umenyooka.