Kigari cha Manjano cha Mzee Mohinder

Mtu mzima akionekana anacheza na vitu vya watoto, watu wa Nakuru hawamwulizi anatengeneza nini. Wanamwendea mkewe na kumwuliza kama mzee ameanza kupotewa na akili. Mwaka 2008 walimwuliza hivyo mke wa bosi wangu, na mmoja akathubutu kuniuliza hata mimi. Nilimjibu, "Akili za Mzee Mohinder, hata zikiruka, zitatua mahali pazuri kuliko zako zikiwa zimekaa." Hakurudi kuuliza tena.

Mimi ni Trizah Makhanu, fundi wa kuchomelea vyuma, mtoto wa mtu wa reli, nimezaliwa mtaa wa Section 58 na ulimi wangu ulizaliwa siku hiyo hiyo. Kwa Mzee Mohinder niliingia kijana nikifagia vipande vya chuma, nikaishia kuwa mkono wake wa kulia. Na nasema mkono wake wa kulia kwa maana kamili, kwa sababu wake mwenyewe ulikuwa umemwasi.

Ulianza kutetemeka taratibu. Kwanza kalamu, halafu spana, halafu hata kikombe. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Jaspal kwa jina la mwanawe, akawa anamjazia chai nusu kikombe ili isimwagike, na Mzee akawa anainywa akiwa ameugeukia ukuta. Mtu aliyetengeneza plau na trela za wakulima kuanzia Njoro hadi Mau Narok, akinywa chai kama mwizi katika karakana yake mwenyewe! Iliniuma, na nilipoumia nilikuwa nagonga vyuma kwa nguvu zaidi.

Jeruto, nesi wa kliniki, ndiye aliyemshauri avizoeshe vidole kwa vitu vidogo. Basi binti yake aliyeolewa Uingereza akamtumia kitu ambacho watoto wake walikuwa wamechoka nacho: gari la kazi la vitofali vya plastiki, la manjano, lenye ngazi juu, na betri na mota ndogo mgongoni. Vitofali hivyo vina uzuri mmoja. Vikishaingiana haviachani, hata mkono ukicheza namna gani. Mzee alilijenga kwa siku chache, akalisimamisha juu ya meza ya karakana, akaliangalia kwa dharau.

"Trizah, hii gari iko na mota, iko na magurudumu, na kazi yake ni kubeba ngazi tu? Hii ni gari ama ni mbunge?"

Akaitupa ile karatasi ya maelekezo. Akatoboa njia nyuma ya gari, akatoa shafti kutoka kwenye mota mpaka nje, kama ilivyo kwenye trekta, ili kila kifaa kipachikwe hapo na kizungushwe. Kifaa cha kwanza kilikuwa cha kukata nyasi. Kwa kuwa nyasi hatukuwa nazo, alikijaribia kwenye sukuma wiki ya chakula changu cha mchana. Ikakatwa vizuri, siwezi kukataa, lakini nilinuna mpaka jioni. Kilifuata kifaa cha kufagia, kikafuata winchi iliyovuta buti langu kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine. Kila kilipofanya kazi, Mzee alikuwa anapiga meza na kucheka, nami nikawa nasikia sauti niliyoikosa muda mrefu.

Lakini karakana yenyewe ilikuwa imenyamaza. Mwaka ule ulianza vibaya, na ghasia za baada ya uchaguzi, kila mtu wa Nakuru anajua, na wakulima hawakuwa na haraka ya kuagiza trela. Jaspal, mwana wa kiume wa pekee wa Mzee, mhasibu wa Nairobi mwenye viatu vinavyong'aa, akaja na mpango. Karakana ifungwe, jengo likodishwe, wazazi wahamie kwake wapumzike.

"Kupumzika ni kazi ya maiti," Mzee alimwambia.

"Papa, huwezi kushika spana. Nani atakuchorea? Nani atapima?"

Jaspal hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto anayemwogopea baba yake, na woga wa namna hiyo hauna masikio. Nilimwelewa, na bado nilitamani kumpiga na koleo.

Walikuwa katikati ya mabishano hayo pikapu iliposimama mlangoni, akashuka Jepkorir, mkulima wa viazi kutoka Mau Narok. Mwanamke mrefu, mwenye gamboti zenye tope la kweli.

"Mzee, nataka mashine ya kuchimba viazi," alisema. "Wale walikuwa wananichimbia hawakurudi. Na siwezi kuwalazimisha kama bado wanaogopa. Viazi viko chini ya mchanga, mvua iko karibu, na zile mashine za ng'ambo ni nzito kwa trekta yangu. Nikipanda nazo mlima, trekta inainua mguu kama mbuzi."

Jaspal akamjibu kwa adabu. "Pole, mama. Hapa hatutengenezi tena. Mzee hawezi kuchora."

Mzee akasimama. "Nani hawezi? Kuchora, sawa, laini zangu zinacheza. Lakini mashine nitakuonyesha hapa kwa meza, ikitembea. Njoo Jumamosi. Ikichimba, unaniachia kazi." Kisha akamgeukia mwanawe. "Isipochimba, mimi mwenyewe nitafunga huo mlango na nitaingia kwa gari yako. Sitasema neno."

Jaspal akakubali. Niliangalia ile meza, nikaona kwamba maisha yote ya yule mzee yamepakiwa kwenye kigari cha plastiki.

Tulianza kazi hapo hapo. Mzee alibuni, mimi nikakata na kukunja. Ulimi wa kuchimbia tuliutoa kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Nyuma yake tukaweka cheni ya plastiki ya kupandisha viazi, na mwisho wa cheni wavu wa waya wa kuvipokea. Mota ilikuwa na mbio nyingi na nguvu kidogo, ndipo nikamkumbuka baba yangu, aliyeendesha kichwa cha treni cha kupanga mabehewa pale stesheni. Alikuwa akisema injini ya kuvuta haina haja ya kukimbia. Tukaunganisha gia ndogo iizungushe kubwa, mbio zikapungua, nguvu ikaja.

Viazi tulivipata jikoni. Mama Jaspal alikuwa ameloweka chana, zile dengu nene za Kihindi, za chakula cha jioni, punje zimefura, zimekuwa duara, zina ngozi nyembamba inayochubuka ukizishika vibaya. Kwa gari la ukubwa ule, hivyo vilikuwa viazi kamili. Tukajaza karai udongo wa uani, tukazifukia humo, tukawasha. Vumbi la Nakuru likapita kwenye cheni kama unga, chana zikafika kwenye wavu safi kabisa.

"Mzee," nilisema, "ni vizuri tuweke kitu cha kutikisa huo wavu. Zile za ng'ambo zinatikisa."

Alinikata jicho. "Kwa meza yangu hakuna kitu kitatetemeka."

Sote wawili tulitazama mahali alipouficha mkono wake, mfukoni. Sikuongeza neno, na mnaonijua mtajua nilivyoteseka.

Jumamosi Jepkorir alifika na gunia begani.

"Nimeleta mchanga ya kwetu," alisema akiumwaga kwenye karai. "Hii yenu ya Nakuru si mchanga, ni poda."

Udongo wa Mau Narok ulikuwa mweusi, umelowa, una mizizi ya nyasi, unashikamana kama ugali. Sisi watu wa mjini, tunaopangusa vumbi kwenye sufuria kila siku ya Mungu, tulikuwa tumesahau kwamba kuna mahali udongo una unyevu! Jaspal alikuwa amesimama karibu na mlango, ufunguo mkononi, uso wake ukiwa na huzuni zaidi kuliko ushindi.

Mzee akawasha. Ulimi ukaingia vizuri. Cheni ikapandisha bonge la kwanza, chana na udongo vimekumbatiana, likafuata la pili, wavu ukajaa. Cheni ikakwama. Mota ikalia kwa uchungu, kigari kikainua magurudumu ya mbele, kisha Mzee akazima.

"Papa," Jaspal alisema polepole, "umejaribu."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi!" nilimfokea, ingawa sikuwa na la kufanya. Machozi yalikuwa yamenifika puani.

Mzee akainama juu ya kigari. Aliuchomoa wavu ili ausafishe. Aliushika kwa mkono wa kulia, bonge limekaa juu yake, na mkono ukaanza kutetemeka kama kawaida yake. Udongo ukakatika. Kipande kikaanguka, kikafuata kingine, kisha mvua nyeusi ikanyesha mezani, na juu ya wavu zikabaki chana zikichezacheza, nyeupe, safi.

Niliona mkono wa kushoto ukija kuushika wa kulia ili uuzuie, kama alivyozoea. Halafu ukasita. Mzee aliutazama mkono wake kama mtu aliyekutana na ndugu ambaye alikuwa hasemezani naye.

"Trizah!" alinguruma. "Toa cheni! Nipe gurudumu ya matundu!"

Nilikuwa nimeshalishika. Tulichomeka pini kwenye tundu la pembeni, si la katikati, ili gurudumu likizunguka pini isukume na kuvuta. Kutoka kwenye pini tukapitisha kijiti cha plastiki mpaka kwenye wavu, wavu wenyewe tukauning'iniza nyuma tu ya ulimi. Pini moja ikaanguka, na Jaspal, bila kuambiwa, akapiga magoti chini ya meza na suruali yake ya ofisi, akaitafuta kwenye vumbi la chuma. Alipoinuka nayo alikuwa na uso wa mtoto wa darasa la pili. Ufunguo wa mlango aliusahau sakafuni.

Tulipowasha, wavu ulitikisika kwa fujo, chana zikaruka mpaka kifuani kwa Jepkorir, nyingine zimechubuka.

"Too fast," alisema Jaspal. "Tubadilishe gia. Lakini tutajuaje ni kiasi gani?"

Mzee akaunyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza, mbele ya mwanawe, mbele ya mteja, mbele ya mkewe aliyekuwa ameingia na birika. Hakuuficha. Uliruka pale hewani, na sisi sote tukautazama bila haya.

"Mkono yangu inajua," alisema. "Fanya kama hii."

Basi tukabadilisha gia, na Jaspal akawa mpimaji, jicho moja kwenye mkono wa baba yake, jicho moja kwenye wavu. Hapana, bado unakimbia. Hapana, sasa unalala. Gia nyingine. Nyingine tena. Kisha wavu na mkono vikaenda pamoja, na Jaspal akasema, "Hapo, Papa. Hapo hapo."

Jepkorir alifukia chana upya, akaukandamiza udongo kwa kiganja ili tusimfanyie hila. Kigari cha manjano kikaingia kazini. Ulimi ulizama, udongo ukainuka, wavu ukatetemeka, na nyuma ya gari chana zikalala juu ya udongo kwa mstari, moja baada ya nyingine, karai zima. Jepkorir aliziokota akaziviringisha kati ya vidole, akitafuta jeraha.

"Hazijachubuka," alisema. Akaweka moja mdomoni, akatafuna. "Mzee, nitengenezee kubwa yake. Na mimi niko na majirani."

Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka stesheni. Mama Jaspal alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Jaspal akaokota ufunguo, akauning'iniza kwenye msumari wake ukutani, akakunja mikono ya shati.

"Papa, nionyeshe kwanza gia inachaguliwa vipi," alisema.

Ile kubwa tuliipeleka Mau Narok kabla mvua haijakaza. Niliichomelea mwenyewe, na sioni haya kusema kwamba hakuna kiungo hata kimoja kilichopasuka. Trekta ya Jepkorir ilipanda mlima bila kuinua mguu, na nyuma yake viazi vikatoka ardhini, vyekundu, vizima, mstari mrefu mpaka kwenye ua. Majirani waliacha kazi zao wakaja kutembea pembeni ya mashine kama watu wa harusi. Mzee Mohinder alitembea nao, kilemba chake cha buluu kikionekana kutoka mbali, mkono wa kulia ameuweka juu ya chuma cha wavu. Mkono ulitetemeka, wavu ukatetemeka, na ungeulizwa ni kipi kinachokitikisa kingine usingejua.

Trekta iliposimama, Jepkorir alileta chai. Nadhani Mama Jaspal alikuwa amemnong'oneza, kwa sababu kikombe cha Mzee kilikuja kimejazwa nusu.

Mzee alikitazama, kisha akamrudishia, mbele ya watu wote.

"Jaza, mama," alisema. "Ikimwagika, shamba lako litakunywa."

Akajaziwa mpaka ukingoni. Ilimwagika, ndiyo, kwenye kidole, kwenye kiatu, kwenye udongo mweusi. Aliinywa akiwa ametugeukia sisi.