Aliyeitengeneza Mwisho

Jiwe la tatu lilimpata dereva wa pikipiki juu ya sikio, akaanguka kwa magoti kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Teke likamlaza kifudifudi katikati ya vitunguu vilivyotapakaa. Hakupiga kelele. Madereva wenzake walimwita Kimya, na hata siku hiyo, damu ikimchuruzika shingoni, jina lilimkaa.

"Nimeona kwa macho yangu," mwuza viatu alikuwa akiwaeleza watu. "Mama wa watu amekaa kwenye biashara yake ya vitunguu, na huyu badala ya kupunguza mwendo, akaongeza. Pikipiki imelia hivi naisikia."

Mama wa watu alikuwa ameshapakiwa kwenye gari la mizigo kupelekwa hospitali, mguu wa kulia umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Aliyebaki ni mwanawe, mchukuzi wa magunia hapo hapo sokoni, mabega yake mapana yakipanda na kushuka. Alikuwa amejizungushia mnyororo ngumini. Nyuma yake mtu ameshafika na dumu la mafuta ya taa.

Ndipo fundi alipotokea akihema. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mwembamba, ovaroli limemkaa kama la kuazima, na karakana yake ilikuwa mtaa wa pili kutoka sokoni. Aliposikia kelele alikimbia bila kufunga mlango. Njia nzima alijiambia huenda ni pikipiki nyingine. Alipoliona tenki jekundu lenye bonde ubavuni, akajipenyeza mpaka mbele.

"Mwacheni kwanza," alisema.

"Pita, mama," mchukuzi akamjibu. "Hatuna ugomvi na wewe."

"Mnasema ameongeza mwendo makusudi. Nipe dakika tano niiwashe mbele yenu. Ukishamuua hutajua tena ukweli ulikuwa upi."

Mtu alimsukuma kwa nyuma. Kiwiko kikamwingia mbavuni, akayumba, lakini hakutoka. Mwuza samaki, mzee aliyemfahamu tangu alipokuwa akijifunza kazi, akasema, "Mwache fundi ajaribu. Dakika tano si mwaka."

Mchukuzi alimkanyaga Kimya shingoni kwa kiatu. "Haya. Washa."

Fundi aliinua pikipiki, akaipa stendi, akabonyeza kitufe. Injini ilishika mara moja, na sauti yake ikaanza kupanda, ikapanda, ikapanda, mpaka vioo vikatetemeka. Yeye akanyanyua mikono yote miwili juu. Hakuna aliyegusa mkono wa mafuta, ule wa kuongezea mwendo. Watu wakarudi nyuma kama wanaomkwepa mbwa aliyekata kamba.

"Hii inaitwa sailensi," alipaza sauti juu ya mngurumo. "Ni sauti ya injini ambayo haijaguswa. Inatakiwa iwe ndogo, kama mtu anayekoroma. Hii hapa inatosha kuisukuma pikipiki na dereva wake hata kupanda mlima."

"Waya wa mafuta umekwama," mtu alisema. "Angejua kuutunza."

Fundi alizungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Sauti haikubadilika. Akautikisa mkono wa mafuta, wote wakaona unacheza kidogo kabla ya kuvuta. "Si waya." Akapiga magoti, akaungua kifundo cha mkono kwenye injini, akaendelea. Kibao kinachofungua njia ya hewa kilikuwa kimefungwa sawasawa. "Si hapa pia. Basi hewa inaingia kwa wizi mahali pengine. Pikipiki hii haina kabureta, ina kompyuta ndogo. Ikikuta hewa ya ziada, inaongeza mafuta. Yenyewe, bila dereva."

Aliomba maji. Mtu akampa chupa. Alidondoshea matone machache kwenye mpira mnene uliounganisha njia ya hewa na injini. Injini ikayameza, ikakohoa, sauti ikashuka ghafla. Maji yalipokwisha ikapanda tena. Alirudia, ikashuka tena. Akaukunja ule mpira kwa kidole, na ufa ukafunguka kama mdomo.

"Hapa. Alikuwa anafunga breki, nayo inamsukuma."

Mchukuzi aliuondoa mguu wake. Kimya alivuta pumzi iliyosikika kama kitambaa kinachochanwa. Mmoja mmoja, watu walianza kuachia mawe. Mwuza viatu alitazama pembeni.

"Nani aliitengeneza mwisho?" mchukuzi aliuliza.

Alimuuliza Kimya. Kimya alijiinua kwa kiwiko. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Kwa lile lililobaki alimtazama fundi, kisha akatazama chini.

"Sikumbuki," alisema.

Ilikuwa Alhamisi iliyopita. Kimya alikuja karakana akisema inanguruma sana, na jua lilikuwa kali, na pikipiki nyingine tatu zilikuwa zikisubiri. Fundi aliutazama mpira kwa macho tu. Kidole hakutia. Akashika bisibisi, akageuza skrubu ambayo kiwanda kiliiziba isiguswe, na sauti ikashuka vizuri, laini, mpaka mwenyewe akaifurahia.

"Mimi," alisema sasa. "Alhamisi. Mpira ulikuwa umeanza kuchanika. Nimeishusha sauti tu, nikamwambia imepona."

Alinyanyua mkono mnyororo ulipokuja. Mfupa aliusikia kabla hajasikia maumivu. Pigo la pili lilimpata begani, likamkalisha chini. Mwuza samaki alimkumbatia mchukuzi kiunoni, akarushwa kama gunia tupu. Pigo la tatu lilichana ovaroli na nyama ya mgongo. Fundi hakuomba. Ni Kimya aliyejiburuta kwenye vumbi, akaukumbatia mguu wa mchukuzi kwa mikono yote miwili. Akapigwa teke la mdomo. Hakuachia. Akapigwa jingine, akatema jino, na bado hakuachia.

Hatimaye mchukuzi alisimama tu, mkono ukining'inia.

"Ni mama yangu," alisema. "Sina mwingine."

"Najua," fundi alimjibu kutoka chini.

Injini ilikuwa bado ikipiga kelele muda wote huo. Aliinuka kwa taabu, akanyoosha mkono wa kushoto, akaizima kwa ufunguo.

Hospitali, fundi na mchukuzi waliwekwa ukumbi mmoja. Kimya alikuwa chumba cha jirani akishonwa mdomo. Fundi alikaa mwisho wa benchi, mkono umefungwa kwenye ubao, na mchukuzi alikaa mwisho mwingine, viganja vikiwa vimebanwa katikati ya magoti. Nesi alifungua mlango na kuuliza ndugu wa mama aliyevunjika mguu yuko wapi.

Mchukuzi alisimama. Mlangoni akageuka.

"Yule alishakuficha," alisema. "Kwa nini hukunyamaza?"



"Sijui," fundi alisema.

Mchukuzi aliingia, na mlango haukufunga vizuri nyuma yake. Katika upenyo uliobaki fundi hakumwona mama, wala uso wa daktari. Aliona ukingo wa kitanda, na juu yake mguu mmoja uliovimba, kisigino chenye nyufa, vumbi la soko bado liko katikati ya vidole. Mkono wenye glovu ukaja na sindano, ukaanza kugusa unyayo kupima kama bado unahisi, mahali hapa, kisha hapa, kisha juu kidogo. Fundi aliinama mbele kwenye benchi, akakikazia macho kidole gumba, akisubiri kitikisike.