Kitambaa cha Feruzi

Kitambaa cha Feruzi kilikuwa kimelowa tena.

Zuwena alikigusa kwa ncha za vidole, kama mtu anavyomgusa mtoto mwenye homa. Kilikuwa na uvuguvugu. Vitambaa vingine vilivyofungwa kwenye mikono ya mashini vilikuwa vimekauka vikawa vigumu kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Hiki cha mume wake peke yake kilikuwa kibichi, kama cha mtu aliyesukuma chuma tangu alfajiri na sasa ametoka nje kidogo kupunga upepo.

"Amekuja kazini," akasema moyoni.

Akajipangusa viganja kwenye kitenge, maana vilimuwasha. Ngozi ilikuwa imetoka malengelenge na kuanza kubanduka. Alidhani ni chuma. Mwanamke mwenye mimba kubwa namna ile hakuzaliwa kusukuma chuma.

Mashini ile ya kukamulia ngazi, yaani chikichi, presi kama walivyoiita, ililetwa hapa Rumonge, Burundi, mwaka wa uhuru. Ilikuwa parafujo nene iliyosimama katikati ya banda, ina mikono minne mirefu ya chuma, na kila mkono ulikuwa na mtu wake. Watu wanne walizunguka wakisukuma, ngazi zilizochemshwa na kutwangwa zikabanwa chini, na mafuta mekundu yakashuka kwenye pipa. Feruzi ndiye aliyekuwa akiita. Alipiga kelele, "Iko wapi?" na wenzake wakajibu, "Iko hapa!" mpaka tone la mwisho.

Walikuwa na desturi yao. Mtu akitoka kwenda kula au kuswali, alifunga kitambaa chake cha jasho kwenye mkono wake wa presi, na hakuna aliyethubutu kuushika. Akiugua, kitambaa kilibaki pale na wenzake wakasukuma watatu mpaka apone. Akifa, mama yake alikuja kukifungua.

Mwezi wa tano wa mwaka huu wa 1972, mapigano yalipokwisha mjini na askari kuanza kuokota watu, mtu mmoja wa komini, ofisi ya serikali, alikuja bandani mchana kweupe. Akasema kuna mkutano, hautachelewa. Wale wanne wakafunga vitambaa. Feruzi akapita penye pipa la kuchemshia, Zuwena akiwa anachochea, akamwambia, "Usiache moto uzime, nakuja." Mchuuzi mmoja wa samaki aliona kamyo, lori la askari, ikipita Magara, watu wameinamishwa vichwa. Hakuna aliyeiona ikirudi na watu.

Tangu hapo Zuwena hakuuacha moto uzime. Alifika bandani kabla ya kila mtu.

Asubuhi hiyo alizunguka presi akivikagua vitambaa, na alipofika upande wa pili alisimama. Mkono wa Shafii, mmoja wa wale wanne, ulikuwa mtupu.

"Nani amekitoa?" akauliza.

Émérance, mke wa Shafii, alikuwa mlangoni na kikapu cha ngazi kichwani. Akakitua taratibu.

"Ni miye."

"Wewe si mama yake."

"Mama yake alikufa zamani, yaya, dada yangu. Nani mwingine angekitoa? Nimekizika kule nyuma ya migazi, nikamusomea dua."

"Umemuua!" Sauti ya Zuwena ilipasuka. "Angekuja leo angekuta nini? Angekuta mkewe amemfukuza kazini!"

Émérance akakiinamia kikapu chake. Alikuwa mwanamke wa maneno. Siku za nyuma alikuwa akiwachekesha wote kwa kusema kwamba Shafii nyumbani hawezi kuinua hata kikombe, lakini hapa anasukuma chuma kama ng'ombe. Sasa alikivuta tu kikapu hadi kwenye presi.

"Tufanye kazi," akasema.

Walibaki wao wawili. Wanawake wa kule Gatete waliowasaidia mwanzoni walikuwa wameacha kuja, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Wakajaza presi, wakashika mikono mbele ya vitambaa bila kuvigusa, wakasukuma. Parafujo ikalia. Wanawake wawili, mashini ya wanaume wanne, na bado ilizunguka! Zuwena alijua sababu. Alihisi mkono wa Feruzi ukienda wenyewe, wepesi, kana kwamba nyuma yake kuna kifua kinachohema.

Ndipo aliposikia.

"Iko wapi?"

Ilikuwa sauti ile ile, ya kukwaruza kidogo.

"Iko hapa!" akajibu Zuwena.

Émérance akaachia chuma. "Unajibu nani?"

"Husikii?"

"Yaya, unajibu nani?"

Kabla hajasema, Hadji Amisi, mwenye banda, aliingia akijipepea kwa kofia. Hakuwa mtu mbaya, lakini hofu ilikuwa imemfanya awe na ulimi mkali.

"Mnasukuma ama mnabembeleza mutoto?" akasema. "Sikilizeni. Kesho wanakuja wanaume wapya. Wametumwa, si mimi niliyewachagua. Wakikuta haya matambara wataniuliza ni ya nani, na mimi nitasema nini? Jioni yasiwepo. Yakiwepo nitayakata na kisu."

"Hadji, hivyo vina wenyewe," akasema Zuwena.

Hadji alimtazama tumbo, kisha akatazama chini. "Mwanangu," akasema kwa sauti nyingine, "na wewe usiwepo. Wanaanza kuulizia wake wa waliochukuliwa." Akatoka.

Émérance akamshika Zuwena mkono. "Umesikia? Aruna mwenye mtumbwi anarudi Kabonga leo, baada ya adhuhuri. Anabeba mafuta. Wanawake wenye bidoni za mafuta hawaulizwi sana. Kutoka Kabonga unaingia Tanzania. Hana safari nyingine, yaya. Leo tu."

"Siwezi. Feruzi anakuja hapa kila asubuhi. Gusa kitambaa uone."

"Nimekiona."

"Basi unajua!"

"Nimekuona wewe," akasema Émérance. "Juzi niliwahi kufika. Nilisimama pale mlangoni. Ulikifungua kitambaa, ukakichovya ndani ya pipa la ngazi, maji yanachemka. Ukakikamua kwa mikono. Ukakifunga tena. Nilikuita, hukugeuka. Halafu ukakigusa, ukacheka."

"Uongo."

"Na presi inazunguka sababu tunatia nusu. Nusu tu, yaya! Wanaume walikuwa wanajaza mpaka juu. Angalia mikono yako."

Zuwena hakuangalia. Aliificha ndani ya kitenge, na viganja vikawaka moto kama vilivyokuwa vikiwaka kila siku. Alijaribu kukumbuka asubuhi hii. Alikumbuka njia, alikumbuka umande miguuni, alikumbuka kuchochea moto. Baada ya hapo alikumbuka kitambaa, kimelowa. Katikati hapakuwa na kitu.

Alitoka akakimbia mpaka kwa mkwewe.

Bi Asiya alikuwa ameketi mlangoni akichambua ndagala, dagaa wa ziwani. Tangu mwanawe achukuliwe hakuwahi kukanyaga bandani. Ni yeye aliyempa Zuwena sheria wanayoishi kwayo: kama Feruzi amekufa, mke avae nyeupe akae eda ndani mpaka ajifungue, kama yuko hai, afanye kazi amngojee. Njia ya tatu haikuwepo. Kila mara Zuwena alipofikiria kukimbia, alijiona anatoka nyumbani akiwa si mke wala si mjane.

"Mama," akasema akihema, "nani anakilowesha?"

Mzee akaacha ndagala. Hakuuliza ni kitu gani. Alivuta mikono ya mkaza mwana wake, akaifungua kama mtu anayefungua jani la mgomba, akaitazama kwa muda mrefu.

"Nipe ushungi wangu," akasema.

Walirudi wote wawili. Bi Asiya aliingia bandani akizishika nguzo, akauendea mkono wa Feruzi bila kuonyeshwa. Akakinusa kitambaa. Uso wake haukubadilika.

"Hii si jasho ya mutoto wangu," akasema. "Hii ni ngazi."

Akaanza kufungua. Fundo lilikuwa limekazwa mara nyingi juu ya fundo, na vidole vyake vilikuwa na baridi yabisi. Zuwena alinyoosha mkono amzuie, akaushusha. Kitambaa kilipotoka, mzee akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwambia mtu aliye chumba cha pili, "Feruzi, mama yako amekufungulia. Pumzika."

Kisha akamgeukia Zuwena. "Sasa uko na eda. Utaikalia popote penye mkeka. Nenda. Uipeleke mimba hii mbali na watu hawa."

"Na wewe, Mama?"

"Miye nitakwenda kukizika. Miguu yangu haipandi mtumbwi."

Walikuwa wamefika mlangoni, Émérance amebeba bidoni mbili, parafujo ilipolia nyuma yao. Ililia mara moja, ndefu, kama inavyolia ikianza kubana. Émérance akasimama. Safari hii na yeye alikuwa amesikia, macho yalimtoka.

"Iko wapi?"

Kinywa cha Zuwena kilifunguka chenyewe.

"Musijibu," akasema Bi Asiya bila kugeuka. "Atakayejibu atabaki."

Bi Asiya akawasindikiza mpaka pwani. Mtumbwi wa Aruna ulikuwa umesheheni mafuta, yeye mwenyewe ameshika kasia na hataki kumtazama mtu. Askari mmoja kijana alikuwa ameketi juu ya ngalawa iliyopinduliwa, anakula samaki, mukeke wa kuchoma. Akanyanyuka, akijifuta vidole.

"Mnaenda wapi?"

"Kabonga, kuuza mafuta," akajibu Émérance, kisha akamsalimu kwa Kirundi. "Amahoro, afande."

Askari akapiga teke bidoni, ikasikika imejaa. Halafu akatazama tumbo la Zuwena.

"Na huyu, bwana yake iko wapi?"

Zuwena alisikia sauti mbili zikiuliza. Moja ilikuwa mbele yake, ina harufu ya samaki. Nyingine ilitoka juu kule, kwenye paa la bati linalong'aa kati ya migazi, ikingoja jibu ambalo amelitoa kila siku. Iko hapa. Lilikuwa tayari kwenye ulimi. Kama angelitamka, yule kijana angetaka kujua hapa ni wapi, na wangempeleka komini, na mtoto angezaliwa huko, au asizaliwe. Mwana wa Feruzi akampiga teke chini ya mbavu.

"Alikufa," akasema.

"Lini?"

"Leo." Akaona Émérance amefumba macho. "Homa. Nimevunja eda yangu, afande, sababu nyumbani hakuna chakula."

Kijana akasita. Labda na yeye alikuwa na mama. "Pole," akasema, akarudi kwa samaki wake.

Aruna akasukuma mtumbwi, maji yakaubeba. Zuwena aliketi kati ya bidoni, akajifunika kitenge kichwani, na viganja vyake akavitia ziwani. Maji yalimchoma, kisha yakampoza. Alingoja sauti imwite mara ya pili. Haikumwita.

"Usigeuke, yaya," akasema Émérance.

Akageuka. Pwani ilikuwa imeanza kuwa ndogo. Bi Asiya alikuwa bado amesimama kwenye mchanga, kitambaa kimekunjwa kifuani. Zuwena akainua mkono kumuaga, lakini mzee hakuwa akitazama mtumbwi. Alivua viatu, akaingia majini mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akainama, akakichovya kitambaa ziwani, akakikamua vizuri kwa mikono yote miwili. Kisha akakitupia begani, akapanda njia ya bandani, akitembea upesi, kama mtu aliyeitwa.